Kifusi cha Ufundi House: nani alikuwa kamanda?

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi, lori lililosheheni vilipuzi lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, pale barabara za Moi na Haile Selassie zinapokutana. Mlinzi alikataa kulifungulia. Mmoja wa washambuliaji akarusha guruneti la kishindo. Waliokuwa ofisini katika majengo ya jirani waliposikia mlio huo walikimbilia madirishani kuona kuna nini, na wakiwa bado wamesimama hapo bomu lenyewe likalipuka. Ndiyo maana siku ile wengi waliumia macho, na wapo waliopofuka kabisa. Nairobi iliwapoteza watu 213, wakiwemo wafanyakazi 44 wa ubalozi. Zaidi ya 4,000 walijeruhiwa. Dar es Salaam, katika shambulio la asubuhi hiyohiyo, walikufa 11.

Habari za waliopanga mauaji hayo zimeandikwa sana, nami siziingii. Ninachotaka kukichambua hapa ni kifusi. Ufundi House, jengo la ghorofa kadhaa lililopakana na ubalozi na ambalo ndani yake mlikuwa na chuo cha ukarani, liliporomoka lote na kuwafunika waliokuwa ndani. Saa za kwanza juu ya kifusi kile ni somo kamili kwa yeyote anayeongoza au kufundisha kikosi cha uokoaji katika eneo letu, awe wa zimamoto, wa Msalaba Mwekundu, wa polisi au wa kikundi cha kujitolea mtaani. Ushujaa ulikuwepo tele. Uongozi uliofanyiwa mazoezi kabla ya siku ya msiba ndio haukuwepo. Na waokoaji wenyewe walipoanza kuvunjika moyo na akili, aliyekuwa na wajibu wa kuwashika mkono hakujulikana ni nani.

Saa ya kwanza

Makao makuu ya zimamoto ya Nairobi yako Tom Mboya Street, si mbali na pale. Kituo cha taifa cha kushughulikia maafa kilikuwa kimeundwa Januari mwaka uleule kwa sababu ya mafuriko ya El Niño, kwa hiyo kilikuwa na miezi michache tu ya maisha na kilikuwa kimezaliwa kwa ajili ya mvua. Hakikuundwa kwa kufikiria jengo lililoanguka likiwa na watu ndani, katikati ya jiji, saa za kazi.

Wananchi ndio waliotangulia. Makarani, wachuuzi, makondakta na wapita njia walipanda juu ya kifusi na kuanza kuchimba kwa mikono. Majeruhi walipakiwa kwenye matatu, pick-up, teksi na magari ya watu binafsi, wakakimbizwa hospitali. Nyingi ya safari hizo ziliishia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambayo ilifurika mara moja. Foleni za kuchangia damu zilizunguka majengo. Kampuni za ujenzi zilileta winchi na tingatinga bila kungoja barua ya mtu. Nani asiyejivunia Wakenya wa siku ile? Nami najivunia. Lakini anayefundisha uokoaji hana budi kuupenda moyo ule na wakati huohuo kuuliza ulifanya nini pale chini.

Kifusi cha zege hakiko kama rundo la mchanga. Ghorofa zinapolaliana huacha mianya midogo, chini ya mihimili, kando ya ngazi, chini ya meza, na humo ndimo manusura wanamopumulia. Watu mia wakisimama juu yake, uzito wao unaweza kuifunga. Vumbi wanalolitibua linashuka kwenye mapafu ya aliye chini. Kelele zao zinaizima sauti ya anayegonga bomba. Tingatinga linaloondoa bamba upande mmoja linaweza kulisukuma lingine limwangukie mtu upande wa pili. Na hata aliyefikiwa akiwa hai anaweza kufa kwa sababu ya namna alivyotolewa: mguu uliobanwa kwa saa nyingi ukiachiliwa ghafla, sumu iliyojikusanya kwenye misuli iliyopondeka huingia kwenye damu, ikaushambulia moyo na figo. Madaktari wa London waliieleza hali hiyo mwaka 1941, walipokuwa wakiwatibu watu waliofukiwa na mabomu ya Wajerumani. Kwa hiyo majeruhi wa aina hiyo anatakiwa kuwekewa dripu kabla bamba halijainuliwa. Mwenye nguvu na huruma, asiye na mafunzo, ataliinua kwanza.

Hapo ndipo kamanda anapohitajika, na kazi yake ya kwanza inakwenda kinyume na silika ya kila mwokoaji: asishike jiwe. Ofisa wa kwanza kufika anapaswa kurudi nyuma, asimame mahali anapoliona tukio zima, na atume taarifa kwa redio: ni wapi hasa, ni janga la aina gani, kuna hatari gani zaidi (gesi, umeme, bomu la pili), njia ipi iko wazi, majeruhi wanakadiriwa wangapi, kinachohitajika ni nini. Baada ya hapo atangaze kwa sauti kwamba yeye ndiye kamanda wa tukio mpaka mwenye cheo au ujuzi zaidi atakapofika na kupokezwa rasmi. Dakika hizo atakazosimama bila kuchimba zitamuuma, na watazamaji watamtukana. Mtu hawezi kuzimudu kama hajawahi kuzifanyia mazoezi, na ninavyoamini, zoezi hili la kusimama bila kushika kitu ndilo gumu kuliko yote katika mafunzo ya uongozi wa dharura. Kozi nyingi hulipitia kwa maneno tu.

Mfumo wa kamandi ya tukio unaofundishwa leo duniani ulizaliwa California baada ya moto wa mwaka 1970, ulioua watu 16 na kuteketeza majengo mamia ndani ya siku 13. Vikosi vingi vilikuja, kila kimoja na redio zake, msamiati wake na bosi wake. Waliochunguza walikuta kwamba maji na magari hayakuwa tatizo kubwa; tatizo lilikuwa amri. Wakaweka kanuni: kamanda mmoja, lugha moja ya kawaida isiyo na misimbo ya siri ya kikosi, na kila kiongozi asimamie moja kwa moja watu watatu hadi saba, ikiwezekana watano. Namba hiyo haina uchawi. Ndiyo idadi ambayo binadamu mwenye hofu, kwenye vumbi, anaweza kuikumbuka kwa sura na kujua kila mmoja yuko wapi.

Kambi mbili, msiba mmoja

Kilichoutatiza zaidi mkasa wa Nairobi ni kwamba palikuwa na sehemu mbili za maafa, ukuta kwa ukuta. Ubalozi ulikuwa mali ya Marekani, nao askari wake waliuzungushia ulinzi: mlikuwa na nyaraka, palikuwa na hofu ya shambulio jingine, na jengo lenyewe lilikuwa hatari kuingia. Ufundi House lilikuwa jengo la Wakenya. Mwananchi aliyekuwa akichimba kwa vidole aliwaona watu wenye vifaa wakilinda geti hatua chache kutoka hapo, na akahitimisha kwamba maisha yake hayana thamani mbele yao. Uchungu huo ulidumu miaka mingi. Balozi Prudence Bushnell, ambaye mwenyewe alijeruhiwa akiwa mkutanoni katika jengo la jirani, na ambaye kabla ya hapo alikuwa ameionya Washington kwamba ubalozi wake hauko salama, alibaki na mzigo wa kueleza jambo ambalo lingepaswa kuelezwa palepale mchana ule.

Mimi sioni kwamba kuulinda ubalozi kulikuwa kosa. Kosa lilikuwa kukosa meza moja. Kama kamanda wa upande huu na kamanda wa upande ule wangekutana kwenye kona ile ndani ya nusu saa ya kwanza, wakagawana kazi, kisha mmoja wao akasimama mbele ya umati na kusema wazi nani anafanya nini na kwa nini, uchungu ule ungepungua, na huenda nyundo na misumeno ingegawanywa pia. Viongozi wa dharura hufundishwa ramani na redio. Kuzungumza na umati uliofiwa huachiwa kipaji cha mtu. Lifundishwe kama fundo la kamba linavyofundishwa, kwa kurudia: sema unachokijua, sema usichokijua bado, sema saa utakayorudi kuzungumza, halafu urudi saa hiyohiyo hata kama huna jipya.

Siku iliyofuata walifika Waisraeli, wanajeshi wenye mbwa wa kunusa na vifaa vya kusikiliza, na vikosi vya Kimarekani vya kutafuta watu kwenye majengo yaliyoanguka navyo vikaja. Ujuzi wa wageni hao ulikuwa wa kweli, na waliokoa watu. Tatizo ni tafsiri iliyobaki vichwani mwa wengi, kwamba Waisraeli walikuwa na mashine. Kubwa walilokuja nalo lilikuwa utaratibu. Kikosi chochote kinachofuata mwongozo wa kimataifa wa uokoaji mijini, ule wa mtandao ulioundwa mwaka 1991 baada ya mitetemeko ya Mexico na Armenia, kina ishara za filimbi: mlio mmoja mrefu, kila mtu anyamaze na asimame alipo, mitatu mifupi, tokeni kwenye kifusi, mrefu mmoja na mfupi mmoja, rudini kazini. Vifaa vya kusikiliza havina faida mpaka kwanza mtu mmoja apulize na watu mia tatu watii. Filimbi inauzwa soko la Gikomba. Utii wa umati kwa filimbi hiyo haununuliwi popote. Unajengwa kwa mazoezi ya wazi, mtaani, mbele ya wananchi walewale watakaofika wa kwanza siku ya janga. Hapo nadhani vikosi vyetu hukosea: vinafanya mazoezi ndani ya ua wa kituo, geti likiwa limefungwa.

Chini ya kifusi kile alikuwamo mama mmoja aliyesikika akizungumza, na taifa zima likawa linamsubiri redioni. Siku zikapita. Walipomfikia alikuwa ameshafariki. Wenye umri wa kukumbuka wanalijua jina lake bila mimi kulitaja. Kwa mwokoaji aliyeisikia sauti ile kisha akaukuta ukimya, kazi haikuishia pale kifusi kilipoisha.

Ustahimilivu ni wa kikosi

Baada ya mlipuko, wataalamu wa afya ya akili wa Kenya wakiongozwa na Dkt. Frank Njenga walianzisha mpango mkubwa wa ushauri nasaha, jambo ambalo nchi haikuwahi kulifanya kwa kiwango hicho. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2004, uliwauliza maswali watu wapatao 2,900 kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya tukio. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia vigezo vya kiwewe: ndoto za kutisha, kushtuka kwa kila kishindo, kulikwepa eneo lile, kufa ganzi ya moyo. Yaliyoongeza hatari ni pamoja na kuushuhudia mlipuko, kuumia, kufiwa, na jambo ambalo ningependa kila kiongozi wa kikosi alisome mara mbili: kutokuwa na rafiki wa kumweleza yaliyokusibu.

Linganisha na Oklahoma City, ambako bomu liliua watu 168 mwaka 1995. Watafiti waliwachunguza wazimamoto 181 waliofanya kazi ya uokoaji pale. Kiwewe kilikuwa kwa asilimia 13 yao, wakati kwa wanaume waliokuwamo kwenye mlipuko wenyewe kilikuwa asilimia 23. Watafiti waliyataja kama maelezo yanayowezekana mafunzo na maandalizi ya kikosi, uzoefu wao wa kazi, uchache wa majeraha, na huduma walizopata baadaye. Lakini karibu nusu ya wazimamoto hao walikuwa na historia ya matatizo ya pombe katika maisha yao, nyingi zikiwa za kabla ya bomu. Kikosi kinaweza kuonekana imara kwenye karatasi huku watu wake wakiwa wanajitibu kwa chupa, na bosi asiyewajua watu wake hatatambua tofauti.

Neno ustahimilivu limeingia kwenye kila andiko la mafunzo siku hizi, na mara nyingi linatumika vibaya. Mwokoaji anaambiwa awe mstahimilivu kwa maana ya kukaza moyo. Mwanamume anakumbushwa uanaume wake, mwanamke anaambiwa alijua kazi aliyoiomba. Huko ni kumwachia mtu mmoja mzigo wa taasisi nzima. Ustahimilivu unaoweza kufundishwa uko kwenye ratiba: zamu zenye mwisho unaojulikana, mtu wa kukulazimisha kutoka kwenye kifusi ukiwa bado unataka kuendelea, maji, chakula, mahali pa kulala pasipoonekana miili, kazi ya wawiliwawili, kila mmoja akiwa na wajibu wa kusema kwa kamanda, "mwenzangu amechoka, mtoe." Katika saa za mwanzo za 1998 waliochimba walichimba mpaka wakaanguka, kwa sababu kuondoka kulionekana kama usaliti. Kamanda aliyefunzwa anaugeuza utaratibu huo: kuondoka ni amri, na anayekaidi ndiye anayekihatarisha kikosi.

Lipo na jambo la kuepuka, ambalo bado linafanywa kwa nia njema. Miaka ile ya tisini ilikuwa desturi kuwakalisha waokoaji wote pamoja muda mfupi baada ya tukio na kumtaka kila mmoja asimulie aliyoyaona, kinaganaga, kikao kimoja, basi. Mapitio ya tafiti yamekuta kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na baadhi ya watu kiliwazidishia. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo mwepesi zaidi tangu 2011, wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia: angalia nani yuko hatarini, sikiliza anayetaka kusema bila kumchokonoa asiyetaka, muunganishe mtu na familia yake na huduma anayohitaji. Kiongozi wa zamu anaweza kuyajua hayo kwa mafunzo ya siku moja. Hahitaji kuwa daktari wa akili. Anahitaji kujua lini ampeleke mtu kwa daktari huyo, na kuhakikisha kwamba kwenda huko hakumpotezei mtu cheo wala posho.

Na wale makondakta na wachuuzi? Watu wa namna hiyo hawamo kwenye orodha ya zamu ya mtu yeyote. Hakuna anayewapigia simu baada ya miezi mitatu kuuliza kama wanalala. Kila mpango wa mafunzo ninaouona unawaita "umma" na kuwaweka nyuma ya utepe. Ningependa daftari la kamanda wa tukio liwe na ukurasa wao: jina, simu, mtaa, ulifanya kazi gani, uliona nini. Ni kazi ya kijana mmoja mwenye kalamu, na ndiyo njia pekee ya kuwafikia baadaye.

Namna ya kukifundisha kisa hiki

Kisa hiki kifundishwe mezani kwanza, kwa ramani ya Nairobi ya wakati ule, kabla ya kwenda uwanjani. Mwalimu asitoe mhadhara. Awape wanafunzi dakika za kwanza za tukio kipande kwa kipande, na katika kila kipande mmoja wao aamue kwa sauti. Umefika, una watu wanne na gari moja la maji, umati uko juu ya kifusi: unasema nini, na kwa nani? Tingatinga limefika na dereva wake anataka kusaidia: unamweka wapi? Matatu inaondoka na majeruhi saba kwenda Kenyatta: unaizuia, unaiachia, au unampa dereva jina la hospitali nyingine?

Swali la matatu huwa linawagawanya watu, na linastahili muda. Wapo watakaosema kila majeruhi apangwe kwanza kwa rangi, kulingana na uharaka wa hali yake: anayeweza kutembea kijani, anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika nyekundu, na kuendelea. Ni utaratibu mzuri, na kwa hakika unaokoa watu pale magari ya wagonjwa yanapokuwa ya kutosha. Katika jiji letu kondakta ataondoka kabla hujamaliza kufungua pakiti ya vitambulisho. Nionavyo mimi, mmoja wa wale wanne asimame kwenye njia ya kutokea, asimzuie mtu, ila ayaelekeze magari: yenye wanaotembea yaende mbali, yenye waliolala yaende karibu. Hivyo Kenyatta isingebeba jiji zima peke yake wakati hospitali nyingine zilikuwapo.

Kisha mwalimu aingize saa ya ishirini. Naibu wako hajalala, anakataa kuondoka, na yeye ndiye aliyekuwa akizungumza na mtu aliye chini. Unafanyaje? Wanafunzi wengi hujibu haraka hapa, kwamba wanamtoa. Mwalimu awaulize ni nani atakayeendelea kuzungumza na yule wa chini, na amekabidhiwaje jina lake, sauti yake, mambo aliyokwisha kuyasema kuhusu watoto wake. Makabidhiano hayo yaandikwe na kufanyiwa mazoezi kama yanavyofanywa ya funguo za gari.

Kwamba mambo haya yanawezekana kwetu, mtaa wa Huruma ni ushahidi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka katika mtaa huo wa Nairobi wakati wa mvua kubwa, wakafa watu wapatao 50. Safari hii Wakenya wenyewe ndio waliosimamia kifusi, jeshi, Msalaba Mwekundu na kitengo cha taifa cha maafa kwa pamoja. Mtoto mchanga alitolewa hai baada ya saa zipatazo 80. Siku ya sita wakamfikia mwanamke aliyekuwa bado hai, nao hawakumvuta. Walimpa oksijeni na dripu akiwa hukohuko chini, wakachimba kwa saa kadhaa wakizungumza naye, ndipo wakamtoa. Anayeandaa kozi ya mwaka huu awatafute waliokuwa kwenye shimo lile siku ile, awalipe kama walimu, na katika ratiba awaachie saa nzima ya kueleza walivyolala usiku uliofuata na nani aliwauliza.